Godoro Lililolazwa Chini ya Samaki

Watu wa Baraka, mji wetu wa ziwani, walizoea kumwambia Mama Adolphine kwamba hasira hasara. Padri alimwambia, mchungaji alimwambia, hata Idi muuza chumvi, ambaye mwenyewe hakupitisha siku bila kugombana na mteja, alimwambia. Mimi niliyeyaona mambo ya mwaka elfu moja mia tisa tisini na tisa nasema hivi: hasara ilikuwa yetu sisi wapole. Kama mji huu ungekuwa na watu kumi tu wenye hasira ya yule mama, nisingekuwa na kisa hiki cha kusimulia, na ningefurahi kutokuwa nacho.

Jina langu ni Norbert. Ni fundi wa mitumbwi, na kazi yangu naifanyia ufukweni, chini kidogo ya soko. Nimelitaja jina langu mapema kwa sababu kisa hiki ni cha Adolphine lakini kosa ni langu, na sitaki msomaji ahangaike kulitafuta kosa hilo kwa mtu mwingine.

Adolphine alizaliwa Kilembwe, huko ndani, kwa wakulima wa mihogo. Alikuja Baraka ameolewa, akafiwa na mume mapema, akajifunza ukunga kwa sista mmoja mzee, na tangu hapo akabaki katika maternité, nyumba ndogo ya kuzalia ya mtaani kwetu. Alikuwa mpana wa mabega, mfupi wa maneno matamu, mrefu wa matusi. Mume aliyesimama mlangoni akiuliza mara tatu kama mtoto bado, alitupiwa maji ya kudekia. Wanawake waliposhikwa na uchungu walimwita yeye kwanza, kisha Mungu, na Mungu hakuonekana kuchukia mpango huo.

Maternité yenyewe ilikuwa vyumba viwili vya matofali na kitanda kimoja cha chuma cha kuzalia, kile cha waya zilizosukwa. Juu ya waya kulikuwa na godoro. Nasema godoro, sisi tunasema matela: matela ya mousse, yaani sponji, nene ya shibiri nzima, ukilibonyeza linarudi lenyewe. Vita vya kwanza vilipotukuta mwaka wa tisini na sita kila mtu alikimbia na alichokipenda. Mmoja alibeba redio, mwingine cherehani, mwingine mbuzi. Adolphine alilikunja godoro lile, akalifunga kwa kamba ya wavu, akaweka ngata kichwani, ile pete ya maganda ya mgomba na kitambaa ambayo wanawake hulazia mizigo, akapanda nalo mpaka milima ya Fizi. Nyumba yake iliungua na vyote vilivyokuwamo. Njiani watu walimcheka, wakamwita mama matela. Siku ya tatu msituni mwanamke wa kwanza alishikwa, akazaa juu ya kitu safi na laini huku mvua ikipiga turubai, na kicheko kikaisha.

Vita vilipotulia alirudi Baraka nalo kichwani. Kila alipozalisha alilivua godoro turubai lake la buluu, akalisugua kwa sabuni na majivu, akalianika nyuma ya nyumba, upande ambao wanaume hawapiti. Ukilitazama godoro ungedhani limetoka dukani jana. Baadaye usafi wake huo ndio uliotuletea balaa, maana godoro chafu lisingemtamanisha mtu.

Kisha vikaja vita vya pili, na pamoja navyo Komanda Lionel. Sitasema alikuwa wa kundi gani. Waliokuwepo wanajua, na kwa wasiokuwepo, makundi yalikuwa mengi na njaa yao ilikuwa moja. Alichukua nyumba ya Mzungu mmoja aliyekuwa akinunua samaki wa mawe, wale wadogo wenye mistari ambao sisi hata paka hatumtupii, na ambao huko Ulaya watu huwaweka sebuleni wakawatazama jioni nzima. Mzungu alikimbia akaacha sanduku lake kubwa la kioo stoo. Komanda akaliona, akalipenda. Mkubwa wake alikuwa anakuja kutoka Bukavu kumtembelea, naye akaamua kwamba mkubwa huyo ale chakula huku akitazama samaki wakiogelea.

Nchi inaungua, wanawake wanakula majani ya mihogo bila chumvi, yeye anataka samaki sebuleni. Miaka imepita na bado nikilifikiria jambo hili natamani kuvunja kitu.

Akaniita mimi nimtengenezee meza ya kuliwekea. Nililipima sanduku: urefu mita moja na nusu, upana na kina nusu mita, kioo pande zote, na pembe zote zimeshikwa na fremu ya chuma. Nikapiga hesabu ya maji, nikaona ni madumu kumi na manane ya lita ishirini, bila kuhesabu mawe. Nikachonga meza kwa libuyu, ule mti mgumu tunaotumia kwa mikuku ya mitumbwi, na miguu sita badala ya minne. Meza ilikuwa nzuri. Ningalinyamaza hapo ningalikuwa sina dhambi.

"Fundi," Komanda aliniuliza, "hii meza itabeba?"

"Itabeba, mukubwa. Shida haiko meza. Shida iko kioo. Hii ni sawa na mutumbwi wakati iko inje ya mayi. Inaomba kintu ya laini chini yake. Bila ile itapasuka."

Sisi mafundi wa ziwa ndivyo tulivyofundishwa. Mtumbwi ukipandishwa nchi kavu haulazwi juu ya mawe wala juu ya magogo makavu, unalazwa juu ya vigogo vya migomba, vibonyee, tumbo lake lipumzike. Nilikuwa naona tumbo la mtumbwi. Sikulitazama tumbo la sanduku.

"Laini kama nini?"

Ningeweza kusema migomba. Ningeweza kusema magunia. Lakini nilikuwa naogopa, na mtu mwoga hupenda kuonekana msomi, nikatafuta neno la Kifaransa. "Kama mousse, mukubwa."

Mdomo huponza kichwa, wahenga walisema, lakini wangu uliponza vichwa vya wengine. Mwaka ule mousse zote za Baraka zilikuwa zimekwisha kuporwa, na askari ndio waliokuwa wakizilalia. Hakuna askari aliyetaka kutoa yake. Sajini mmoja aliyeitwa Bienfait, ambaye jina lake lina maana ya tendo jema, akakumbuka kwamba alikuwa ameona matela safi ikiegemea ukuta katika maternité alipokwenda kuomba vidonge vya malaria. Akaenda na mwenzake. Adolphine alikuwa ameitwa kijiji cha Lweba kwa mwanamke ambaye mtoto wake alikuwa amekaa vibaya. Pale alikuwepo Georgette tu, msaidizi wake, na Georgette aliwekewa bunduki kifuani. Bienfait alilibeba godoro kichwani kupita katikati ya soko, saa nne asubuhi, akipiga mluzi.

Nilipofika nyumbani kwa Komanda kulifunga sanduku, nililikuta godoro juu ya meza yangu. Nililijua mara moja, nani hakulijua.

"Kata ile inazidi," Komanda aliniamuru.

"Mukubwa, tukikata itapoteza nguvu," nilidanganya. Nikaliacha linaning'inia nyuma ya meza, zima. Huo ndio ushujaa wangu wote wa mwaka ule na hautoshi kujaza kijiko.

Kesho yake Adolphine alirudi kutoka Lweba kwa miguu. Hakupitia kwake. Alikuja moja kwa moja ufukweni nilipokuwa nikiranda ubao, akasimama mpaka nikaacha.

"Norbert, mutoto ya Isidore. Nakuuliza mara moja tu. Njo we ulisemaka mousse?"

"Mama, mi sikusemaka matela ya maternité. Nilisema tu mousse."

"Na mousse ingine iko wapi mu Baraka? Ulizania batakwenda kuinunua ku magazin?"

Alinitazama kama anayetazama kitu kilichomwagika.

"Dada yako Gentille amebakiza juma mbili," alisema. "Ni mimba ya kwanza, na mugongo inamuuma tangu mwezi ya tano. Atazalia ku waya. Siku utasikia analia, usiseme ni mutoto anamuumiza. Ni we."

Gentille ni dada yangu mdogo. Mume wake alivuka ziwa kwenda Kigoma kutafuta mahali pa kukaa, na habari zake zilikoma hapo. Mimba ile ilikuwa kubwa na yeye mdogo. Nilimwambia Adolphine kwamba nitamtandikia nyasi, akaniuliza kama nataka mtoto afe kwa pepopunda. Nikasema basi nitaweka mbao juu ya waya. "Ubao inakunywa damu," alisema. "Nitaisafisha na nini? Waya naweza kuimwangia mayi ya moto. Kamata shati yako, twende."

Tulikwenda. Njiani tuliwapita wanawake wa mtaa wanarudi kutoka kwa Komanda na madumu matupu vichwani, mstari mrefu, na askari pembeni. Walikuwa wamelazimishwa kujaza sanduku. Adolphine aliwasalimia kila mmoja kwa jina, na kila salamu ilizidi kumpandisha hasira.

Sebuleni sanduku lilikuwa limejaa. Samaki walikuwa ndani tayari, kama arobaini, wanazunguka mawe. Nilichokiona mimi kwanza ni maji: upande mmoja yalikuwa karibu na ukingo, upande wa pili yalikuwa chini vidole vitatu. Mawe yalikuwa yamewekwa upande mmoja na godoro limebonyea huko, na sanduku zima limeinama. Meza ilikuwa sawa kabisa. Kilichoinama ni ulaini wangu.

Adolphine hakutazama maji. Alipiga magoti, akaweka shavu lake karibu na meza, akachungulia chini ya fremu. Kisha akapitisha kidole kwenye pembe ya nyuma, akakitoa kimelowa.

"Inalia," alisema.

Komanda alikuwa ameketi anakula samaki wa kukaanga, na hapo mbele yake samaki wengine wanamtazama. "Mama, we ni wa kuzalisha. Mambo ya kioo unajua nini?"

"Najua mizigo, Komanda. Tangu niko na miaka sita nabeba ku kichwa. Hii kintu haibebwe na tumbo. Inabebwa na midomo yake, hii chuma. Kioo ya chini inaning'inia katikati, haigusi kintu. Sasa mumeiwekea matela. Chuma inazama, mousse inapanda inasukuma tumbo. Mayi inasukuma toka juu, mousse toka chini. We ungefanya nini pale katikati?"

Nilipiga magoti na mimi, nikatazama, na aibu ikanishika masikio. Ilikuwa kweli. Kioo cha chini kilikaa ndani ya fremu, juu ya ukingo wa chuma, na kati yake na meza ilipaswa kuwepo nafasi. Mtumbwi hulala kwa tumbo. Sanduku lile lilisimama kwa kingo zake, kama beseni kichwani, na kila mwanamke aliyepita pale na dumu angeweza kuniambia kama ningemuuliza.

"Inaomba ngata," Adolphine alisema. "Ngata ya pembe ine. Haiombe kitanda."

Komanda alicheka. Lakini wakati anacheka tone likadondoka juu ya saruji, kisha lingine, na mkubwa wa Bukavu alikuwa anakuja baada ya siku tano. Alinawa mikono. Akasema, mbele yangu, mbele ya Bienfait na askari wengine saba au wanane: "Tengeneza. Kama ikikamata mayi, beba matela yako."

Nataka ieleweke kwamba alisema hivyo. Kwa miaka mingi nimekutana na watu wanaosema labda mlimsikia vibaya. Hatukumsikia vibaya.

Tulifanya kazi siku nne. Tulitoa maji, tukatoa samaki tukawaweka katika mapipa. Mimi nilikwangua pembe iliyovuja na kuipaka mastiki niliyokuwa nimebakiza nilipoweka vioo vya kanisa, tukaiacha ikauke siku tatu. Adolphine alitafuta maganda makavu ya mgomba, akayachana nyuzi nyembamba, akayalowesha, akayasuka msuko bapa wa upana wa vidole vitatu. Aliurudia mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sehemu moja ilikuwa nene kupita nyingine. Alichana kitenge chake, na alikuwa navyo viwili tu, akauzungushia msuko wote ili usiteleze. Kisha tukalaza ngata ile juu ya meza, mstatili unaofuata fremu, katikati patupu. Tulipoweka sanduku alipitisha uzi chini ya chuma pande zote nne, polepole, kutafuta mahali uzi unapopita. Haukupita popote. Nimekuwa fundi miaka thelathini na sijaona kipimo kizuri kuliko kile.

Godoro wakati huo lilikuwa limeegemea ukuta wa veranda, linakauka. Adolphine alilipitia kila asubuhi akalibonyeza kwa kiganja, kuona kama linarudi. Lilikuwa linarudi.

Siku ya nne, saa nane mchana, maji yakajazwa. Dumu la kumi na nane lilipomwagwa tulisubiri. Maji yalikuwa sawa pande zote, unaweza kuyapigia mstari. Pembe kavu. Komanda alizunguka meza mara mbili, akapiga kioo kwa ukucha, akatabasamu.

"Sawa, Komanda," Adolphine alisema. "Nabeba matela yangu."

"Matela inabakia. Mukubwa anakuya na bodigadi bake. Balale wapi?"

"Ulisema mbele ya bantu."

"Nilisema. Sasa nasema ingine."

Askari wawili walicheka. Bienfait alikwenda akaliketia godoro pale veranda, kwa makusudi, akanyoosha miguu.

Hapa lazima nieleze jambo moja. Askari wa wakati ule, wa kundi lolote, walikuwa na dawa: hirizi mkononi, chale kifuani, maji waliyonyunyiziwa ili risasi zisiwapate. Na dawa ina masharti yake. Usimpe mtu mkono siku ya vita, usile chakula cha mwanamke aliye mwezini, na kubwa kuliko yote, usiguse damu ya uzazi. Ukiigusa dawa inakufa na wewe unafuata. Askari walipolichukua godoro walidhani ni la wagonjwa wa malaria, kwa jinsi lilivyokuwa safi. Hakuna aliyewaambia ukweli, kwa sababu mkunga hasemi. Mambo ya chumba cha kuzalia hayatamkwi mbele ya wanaume, hata mume wako, hata padri. Sista mzee alimwapisha Adolphine hivyo, na kabla ya sista bibi zetu waliapishana hivyo. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia mwanamke akisema mbele ya wanaume alichosema yeye mchana ule.

Hakupaza sauti. Yeye ambaye angeweza kumtukana mtu wa ng'ambo ya pili ya soko bila kusimama, alisema polepole, maneno yakihesabika.

"Basi mujue kile munakalia. Ile matela haikuwe ya bagonjwa. Ni ya kuzalia. Batoto makumi tano na moja balitokea pale juu. Damu ya bamama yao ilipita mule. We Bienfait uliibeba ku kichwa, ukapita nayo mu soko. Weye Komanda ulikula chakula karibu yake siku tano."

Hakuna aliyecheka. Bienfait aliruka kana kwamba godoro lina siafu, akaanza kujipangusa kichwa kwa mikono miwili, anapangusa na kupangusa. Askari walirudi nyuma mpaka ukutani. Komanda alijishika mkono wa kushoto, penye hirizi, na uso wake ukawa wa majivu. Na Adolphine akasogea mbele akafungua mikono, kama mtu anayepokea mzigo wake. "Leteni," alisema. "Mi nitaibeba mwenyewe. Mi haitaniua."

Alidhani watalitupa. Na mimi nilidhani hivyo, nilikuwa hata nimeanza kufurahi. Hatukuwajua.

Walikuwa na mzee mmoja mwenye kutunza dawa yao, wanamwita Docteur. Akaja anachechemea, akasikiliza, akasema kitu chenye damu ile hakitoki kizima katika kambi; kikitoka kinaondoka na nguvu zao, na adui atakiokota. Kichomwe hapo hapo. Walilisukuma godoro kwa miti, hakuna aliyetaka kuligusa, mpaka katikati ya ua. Wakamwaga petroli. Adolphine alikimbia, akalishika pembe, akaanza kulivuta, na askari mmoja akampiga kitako cha bunduki begani. Akaanguka, akainuka, akalishika tena. Hapo nilimkamata mimi. Nilimzungushia mikono kwa nyuma nikamshikilia kwa nguvu zangu zote, nikimwambia mama acha, mama watakuua, na kiberiti kikawashwa.

Mousse haiungui kama kuni. Inajikunja, inayeyuka, inadondosha matone meusi yanayoendelea kuwaka chini. Moshi wake ulikwenda mpaka ziwani. Ilichukua muda mfupi kuliko kumaliza kikombe cha chai. Adolphine aliacha kupigana na mimi kabla moto haujaisha, na aliposema neno alisema nimwachie, begani kunamuuma.

Mkubwa wa Bukavu alikuja Jumamosi. Alikula, akatazama samaki, akasema ni kazi nzuri. Bodigadi wake walilala juu ya mikeka, na walilala vizuri tu.

Gentille alishikwa na uchungu Jumatano iliyofuata, asubuhi, kabla ya siku zake. Tulimpeleka maternité. Kule ndani kulikuwa na kitanda, waya, na turubai la buluu limetandikwa juu yake, ambalo Georgette alikuwa amelificha siku ile godoro lilipochukuliwa. Nguo za kutandika hazikuwepo. Mwaka ule mtu alikuwa na nguo aliyoivaa tu. Mimi nilikaa nje, chini ya dirisha, mahali wanaume hawakai, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kunifukuza.

Nilimsikia dada yangu akilia. Si mtoto, ni mgongo: alisema waya zinamkata, alisema hawezi kulala hapo, alitaka kushuka akazalie sakafuni kwenye saruji. Georgette alimwambia atulie na yeye akazidi kupiga kelele. Nilijishika kichwa. Kisha nikasikia kitanda kikilia kwa uzito, na Adolphine akisema, kwa sauti ya mtu aliyechoka na upumbavu wa dunia nzima, "Shuka kidogo. Nipe njia. Sasa kuya, lala hapa."

Mengine Gentille alinisimulia baadaye. Adolphine alipanda kitandani yeye kwanza. Alilala chali juu ya turubai na waya, akafungua miguu, akamvuta Gentille akamlaza juu ya tumbo na kifua chake, mgongo kwa kifua, akamzungushia mikono chini ya matiti. Akamfanya Georgette akae mbele kumpokea mtoto, na yeye mwenyewe akaongoza kazi yote kutoka chini, sikioni mwa mzazi. Sukuma. Pumua. Usisukume sasa, nani alikwambia usukume. Ilichukua saa tano. Kila Gentille alipojipinda kwa uchungu, uzito wa watu wawili na nusu uliingia katika waya zile, na bega lililopigwa kitako lilikuwa chini. Gentille anasema katika saa tano hizo hakumsikia akiguna hata mara moja. Alimsikia akinitukana mimi, na Komanda, na samaki.

Mtoto alitoka saa tisa, msichana, analia vizuri.

Adolphine alitoka nje baadaye kidogo kunawa kwenye ndoo. Alitembea ameshika ukuta. Alipoinama blauzi ilipanda, nikauona mgongo. Waya zilikuwa zimeandikwa juu yake kuanzia kiunoni mpaka mabegani, jicho kwa jicho, kama alama za wavu, na mahali pengine ngozi ilikuwa imechanika na blauzi imegandia. Nilisimama, nikafungua mdomo kumwambia pole, na sikujua niseme pole ya nini kwanza.

"Toka mu njia," alisema. "Salma anakuya, uchungu imemushika tangu asubuyi."

Salma, mke wa mvuvi mmoja wa Kiislamu wa mtaa wa chini, alikuwa kweli anaingia uani ameshikiliwa na mama mkwe wake. Adolphine alijipangusa mikono, akamtazama kutoka juu mpaka chini, akamwuliza mgongo unauma wapi, akaingia naye ndani. Nikasikia kitanda kikilia tena kwa uzito wake.

Kabla mwezi ule haujaisha, wanawake sita walikuwa wamezaa juu ya Mama Adolphine.